Kwa Kivuva wa Santuri, Mukuyuni, na Ile Moja Yenye Tundu Kubwa

Marehemu Kivuva Mulei, 1931–1993

Mwaka mmoja umezunguka sasa, Baba Mutindi, tangu tulipokulaza kwenye udongo mwekundu nyuma ya boma, mvua ya Machi ikitufukuza na majembe mikononi. Watu walisema mvua ni baraka. Mimi nilikuwa nawaza paa la duka, kama linavuja juu ya masanduku yako.

Unanijua. Ulikuwa ukisema, "Kalunde, hofu yako ingekuwa mahindi, hatungelala njaa hata mwaka wa ukame." Basi mwaka huu nimevuna nyingi, na sikuwa na wa kunicheka.

Duka lako lilikuwa mlango mmoja tu, kati ya mashine ya kusaga ya Ndululu na fundi wa viatu. Wenzako waliuza sukari na mafuta ya taa. Wewe uliuza santuri, zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Hukuzishika kama watu wengine. Ulizibana ukingoni kwa viganja viwili, vile mtu anashika kifuniko cha sufuria yenye moto, halafu unatoka nazo mlangoni na kuziinamisha kwenye jua la asubuhi.

Watu walisoma karatasi ya katikati, jina la bendi na jina la wimbo. Wewe ulisoma pale kando ya karatasi, mistari ya wimbo inapoishia, palipo laini. Ulituonyesha kwamba hapo mtu wa kiwandani huchora namba kwa sindano, ndogo kama nyayo za siafu. Karatasi inaweza kufanana na nyingine, rangi ifanane, jina lifanane. Lakini kiwanda kikirudia kazi, yule mtu wa sindano huongeza alama mwisho wa namba. Hapo ndipo unajua iliyotoka kwanza na iliyokuja nyuma yake.

Ndululu akikuona umeinama mlangoni hivyo, alikuwa anapaza sauti juu ya mashine yake.

"Kivuva! Unaiangalia kama mganga na matumbo ya mbuzi! Imekuambia nini leo, mvua iko?"

"Imeniambia unga wako una mchanga."

"Mchanga ni wa meno yako!"

Siku hizi Ndululu hupita mbele ya mlango wako bila kusema kitu. Hiyo ndiyo namna yake ya kulia.

Tunakumbuka haki yako. Mama mjane akija na kiondo cha santuri za marehemu mumewe, anataka tu zitoke nyumbani, ulimketisha kwanza. Ulizipitia moja moja. Ukikuta ya kwanza kwanza, ulimwambia, "Mama, hii usimpe mtu kwa kibaba cha maharagwe. Hata mimi usinipe leo. Nenda ukafikirie, urudi." Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Mbuvi mwanao alikuwa anakasirika, "Baba, hii ni biashara ama ni kanisa?" Wewe unacheka tu, unafuta vumbi na kile kitambaa cha flaneli.

Lakini sisi wa nyumbani tunajua ulianzaje kuzisoma. Ilikuwa kwa sababu ya Mutindi, binti yetu.

Ilikuwa mwaka wa sabini na moja. Bendi moja ya Kitui ilitaka msichana wa kuitikia, na kiongozi wao alikuwa amemsikia mtoto wetu akiimba kwaya. Mimi nilikataa. Nyimbo za dansi, Nairobi, wanaume wenye magitaa! Wewe ukasema utampeleka mwenyewe na kumrudisha mwenyewe, na ukafanya hivyo. Ulinisimulia mara nyingi jinsi mlivyowekwa kwenye chumba chenye kuta za magunia, na mtu wa mashine akasema hata kikohozi kisisikike. Wimbo ulikuwa wa bibi harusi anayemuaga mama yake. Mutindi aliimba. Magitaa yakaisha. Kabla mashine haijazimwa, mtoto akakugeukia na kuuliza kwa Kikamba chetu, sauti wazi kabisa, "Baba, nimeimba vizuri?"

Na wewe hukujibu. Uliogopa kuharibu kazi ya watu. Ulikaa pale umebana midomo, na mtoto anakutazama.

Santuri za kwanza zilitoka na lile swali ndani yake, mwisho wa wimbo. Zikapelekwa chache kwa maduka ya Kitui kabla mwenye kampuni hajasikiliza. Aliposikia, aliwaita wote tena, wakaimba upya, na safari hiyo Mutindi alinyamaza wimbo ulipoisha. Karatasi nyekundu ileile, namba ileile. Tofauti ni kistari kidogo na tarakimu ya mbili, vilivyochorwa mwisho wa namba. Hiyo ya kurudia ndiyo iliyouzwa kila mahali. Ndiyo sisi pia tuliyokuwa nayo nyumbani.

Miaka mitatu baadaye Mutindi alifariki akimzaa Nthenya. Watu wakaanza kukuita Baba Mbuvi, wasitoneshe kidonda. Mimi peke yangu nilibaki na jina la kwanza.

Hapo ndipo ulipochukua baiskeli. Ulienda Matiliku, ukaenda Wote, ukavuka hadi Kitui, nyumba kwa nyumba, ukiomba watu wakuonyeshe santuri zao, ukiziinamisha kwenye jua. Jirani walifikiri umechanganyikiwa. Uliporudi mara ya mwisho hukuwa na ile redio yako uliyoipenda, na ndani ya koti ulikuwa na kitu bapa kilichofungwa kwa kitambaa. Sikuuliza. Lakini tangu mwaka huo, kila siku ya kumbukumbu ya Mutindi, ulijifungia dukani. Mimi nilikaa nje nikichambua mbaazi, maana sikuweza kuingia. Nilisikia wimbo kupitia mbao za mlango. Nilisikia swali. Halafu nilikusikia wewe, kila mwaka, ukimjibu.

Ulisema isichezwe zaidi ya mara hiyo moja kwa mwaka. Kila sindano ikipita inakula kidogo.

Sasa nikuambie kilichonikosesha usingizi.

Unakumbuka Gachanja, yule wa duka la vipuri kule Emali, mwenye ugonjwa wa santuri kama wako. Alikuja miezi michache kabla hujaugua. Nilikuwa nawaletea chai. Akasema, "Mzee, mimi nimetafuta ile ya bibi harusi ya kwanza, yenye msichana anaongea mwishoni. Wengine wananiambia ni uongo, haikuwahi kutoka. Wewe umewahi kuiona?"

Ukasema, "Niliwahi kuisikia."

Akacheka. "Ukiondoka duniani, Mzee, usikasirike nikisema, hizi watoto watawekea sufuria."

"Nikiondoka, zile za kwanza kwanza zote ni zako. Wewe utazitunza." Ukamshika mkono. "Kalunde, umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nilisimama na sinia nikingoja useme, isipokuwa moja. Nilingoja, Baba Mutindi. Wewe ukapuliza chai ukanywa. Sijui kama ulisahau, ama ulidhani mimi najua, ama kweli ulimaanisha zote. Halafu ugonjwa ukaja kwa haraka na ulimi ukawa mzito, na mimi nikawa naona aibu kumuuliza mtu anayekufa habari za santuri.

Gachanja alikuwa na heshima. Alingoja karibu mwaka mzima. Mwezi uliopita akatuma salamu kwamba atakuja Jumamosi.

Hofu mbili zilinishika kwa pamoja. Nikimpa zote, nimempa sauti ya mtoto. Nikificha moja, nimevunja neno lako ukiwa kaburini, na mimi ndiye niliyekuwa shahidi. Na juu ya hayo, sikujua hata iko wapi.

Mjukuu wetu Nthenya, ambaye bado ananiita Susu, sasa ni msichana wa miaka ishirini. Nilipomwambia, alikaa chini kwenye sakafu ya duka. "Susu, unasema mama yangu anaongea? Si kuimba. Anaongea?"

"Anaongea."

"Na hamjawahi kuniambia?"

"Babu yako, Umau wako mwenyewe, alitaka akusikizishe siku ya harusi yako."

Akaanza kutoa masanduku.

Ulikuwa na nakala nyingi za wimbo ule, wewe mwanaume. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Mashine yako sindano ilikuwa imevunjika, na mashine nyingine iliyobaki Mukuyuni ni ya baa, sindano yake kama msumari. Kwa hivyo ilibidi tusome kama ulivyotufundisha. Nthenya aliinamisha mlangoni, mimi nikapitisha ukucha mahali macho yangu hayafiki. Namba, kistari, mbili. Namba, kistari, mbili. Ijumaa jua likaanza kuhama mlangoni na zote zilikuwa za kurudia. Nilianza kufikiri labda ulizikwa nayo. Labda imo ndani ya lile koti.

Nthenya akasema, "Susu, kumbuka vizuri. Kabla hajaicheza, Umau alikuwa anafanya nini?"

"Anafunga mlango. Anapangusa mashine, mimi nikichungulia kati ya mbao. Anatoa funguo kwenye kile kimti."

"Kimti gani?"

Nilikuwa nimekishika mkononi. Kile kiduara cha mti wa mukau ulichochonga mwenyewe, kinachobeba funguo za duka, laini kama kimelambwa. Mwaka mzima nimefungua na kufunga nacho. Nilifikiri unatoa funguo zisipige kelele wakati wa wimbo.

Nthenya alikichukua, akakigeuza. Kina tundu dogo katikati. Akachukua santuri moja ya kawaida, akaangalia tundu lake dogo, akaangalia kimti. "Susu, hii ni ya kujazia tundu. Zile za mashine ya baa, zilizotobolewa tundu kubwa katikati, zinataka kitu kama hiki ndio zikae. Ile yake ina tundu kubwa!"

Wanjiro mke wa Mbuvi alikuwa mlangoni na unga mikononi, amekuja kutuita chakula. Alikuwa ametusikia.

"Mama," akasema. "Zile za tundu kubwa si zimeharibika? Baba mwenyewe alikuwa anaambia watu si za kuuza."

"Ziko wapi, Wanjiro?"

"Mama, tulipokuwa na wageni wa matanga, panya walikuwa wanashuka kwenye kamba wanakula mahindi ya mbegu. Na kamba ya mkonge haipiti kwenye tundu dogo..."

Hakumaliza. Sisi watatu tulikimbia, mimi na magoti yangu haya. Unalijua jiko letu. Mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya moto ili moshi uyatunze, na juu ya kila fungu, kwenye kamba, palikuwa na santuri kama kofia, panya akishuka ateleze. Chini yake sufuria ya mahindi ya muthokoi ilikuwa inachemka tangu asubuhi. Mwaka mzima, Baba Mutindi. Mwaka mzima sauti ya mtoto ilikuwa hapo juu kwenye moshi, na mimi nimeketi chini yake nikipepeta mchele.

Wanjiro alipanda kwenye stuli akilia. "Mama nisamehe, mimi kwetu hatukuwa na hivi vitu."

"Shuka polepole," nikamwambia. "Shika ukingoni. Na usinililie juu yake."

Tuliziosha kama ulivyokuwa ukiosha, maji baridi, sabuni kidogo, kufuata mistari na si kuikata, karatasi isiguswe na maji. Ya kwanza ilikuwa ya bendi nyingine. Iliyofuata ilikuwa yetu, lakini kistari na mbili. Ya mwisho ilikuwa ile ya karibu na ukuta, mbali kidogo na moto, nyeusi ya masizi juu ya nyeusi. Nthenya akaiinamisha kwenye jua la mwisho. Akasoma namba. Akaishia hapo.

"Endelea," nikasema.

"Hakuna ya kuendelea, Susu. Namba imeisha."

Nikapitisha ukucha. Namba, halafu laini. Laini tu.

Lakini upande mmoja ulikuwa umejikunja kama ukingo wa chapati. Kama ingeimba, hakuna aliyejua.

Gachanja alikuja Jumamosi na mashine yake ya betri na redio kaseti. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanipotea. Nikamwekea ile santuri mbele yake na nikamwambia kila kitu. Kwamba yule msichana ni wetu. Kwamba iliharibikia jikoni. Kwamba mume wangu alisema zote, na mimi nilisikia kwa masikio yangu. "Ukisema ni yako," nikamwambia, "ichukue. Sitaki mzee alale kaburini akiitwa mwongo."

Aliisoma muda mrefu. Aliigeuza ukingoni kwa vidole vyake vya kufungua injini. Akasema, "Mama, kwanza tuisikie. Vile imekunjika, pengine itakubali mara moja tu. Nitaishika kwa kaseti. Lakini msiongee. Redio inashika kila kitu, hata kuku."

Akakipachika kimti chako katikati. Kilikaa sawasawa. Akaweka sarafu juu ya mkono wa sindano ili usiruke, na bado uliruka. Mwanzo wote wa wimbo uliruka, kila ukingo ulipopanda Nthenya alinibana mkono. Nikafikiri imekwisha, tumechelewa, moto umekula. Halafu sindano ikaingia ndani zaidi, mahali palipo sawa, na mtoto wetu akaanza kuitikia.

Nthenya hakulia. Alifungua mdomo tu, kama mtu anayekunywa mvua.

Wimbo ukaisha. Magitaa yakaisha. Nilijua kinachokuja na bado kilinipiga. "Baba, nimeimba vizuri?"

Kisha ule mvumo wa sindano peke yake. Nilingoja. Tangu mwaka ule uliporudi na kitu bapa ndani ya koti, hapo ndipo ulipokuwa ukijibu. Niliangalia mlango. Sindano ilikuwa inaendelea kuzunguka, inakaribia karatasi, na hakuna mtu wa kumjibu mtoto. Gachanja alikuwa ameweka kidole mdomoni kutunyamazisha.

Nikasema, "Vizuri sana, mwanangu. Baba yako alisema vizuri sana."

Iko kwenye kaseti. Sauti yake, halafu yangu, halafu Wanjiro akipenga kamasi, na kuku wake pia. Nilimwomba Gachanja msamaha kwa kuharibu. Alizima redio, akaitoa kaseti na kuniachia. Alibeba masanduku ya zile za kwanza kwanza hadi kwenye gari, yote, kama mlivyoshikana mkono. Halafu akarudi ndani akaniomba aishike ile moja tena, asome kwenye mwanga. Nikampa. Aliisoma, akairudisha. Hakuiweka mezani. Aliiweka mikononi mwangu, kwa mikono yake miwili.

Basi hivyo ndivyo tulivyo. Neno lako limetimizwa, na mtoto yuko nyumbani. Mahindi ya mbegu sasa yana vifuniko vya makopo ya mafuta. Mimi bado naamka kuangalia kama kaseti imekaa mbali na jua, na Nthenya ananicheka kama ulivyokuwa ukinicheka.

Jumamosi ijayo, baada ya ibada ya shukrani hapa nyumbani, tutaisikiza kaseti hiyo pamoja na watakaokuja. Ndululu amesema ataizima mashine yake ya kusaga. Hajawahi kuizima siku ya soko.

Unakumbukwa na mimi mkeo Kalunde, na mwanao Mbuvi pamoja na mkewe Wanjiro, na mjukuu wako Nthenya wa Mutindi, na jirani yako Ndululu ambaye bado anakudai jibu la utani wa mwisho, na wateja wako wote wa Mukuyuni, Matiliku, Wote na Kitui.

Hatutakusahau, Baba Mutindi, siku zote za uhai wetu. Na mtoto akikuuliza tena huko mliko, usibane midomo. Mjibu kwa sauti. Huko hakuna mashine ya kuharibu.